Dada Sijaelewa na Vidole vya Watoto

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliotoka kazini mkaja na sare zenu, familia imemwomba mdogo wa marehemu, fundi bomba mnayemfahamu, awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba radhi mapema kwamba historia hii ina mahali pengi ambapo familia yenyewe haina hakika, maana marehemu hakupenda mtu aseme ana hakika wakati hana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga msaidizi, ingawa mama hadi anaingia kaburini alishikilia kuwa ilikuwa tarehe 9, siku upepo ulipong'oa paa la jirani, na baba naye akasema paa liling'oka mwaka uliotangulia, basi juzi tulikaa kikao tukabishana mpaka chai ikapoa, tukaafikiana kusoma tarehe ya cheti na kuwaachia wazee ugomvi wao huko waliko.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, na alipofika darasa la tatu mwalimu aliamuru kwamba wakati wa hesabu mikono yote ikae juu ya dawati, viganja chini, asionekane mtu akihesabia vidole, naye akajifunza kuhesabu kwa ulimi, akigusa jino moja baada ya jingine mdomo ukiwa umefungwa, hata mwalimu akadhani mtoto anatafuna kitu. Darasa la sita walifundishwa kugawanya sehemu, wakaambiwa igeuzwe ya pili kisha wazidishe, akagawanya nusu kwa robo akapata mbili, akauliza inakuwaje kitu kigawanywe halafu kikue, akajibiwa kuwa jibu lake ni sahihi na akae chini, akakaa, akasema taratibu, "Sijaelewa," darasa zima likacheka, na jina likamganda. Mtihani wa mwaka ule alipata alama zote, na hilo lilimtatiza kuliko kushindwa, maana hakujua mtu awezaje kupatia jambo asilolielewa, wala nani mwingine darasani alikuwa katika hali hiyo akinyamaza tu.

Alijiunga na chuo kikuu Septemba 1978 kusomea saikolojia, baba akauliza kama huko ndiko wanakotibu wendawazimu, akaelezwa kwamba sivyo hasa, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuwaambia wateja wake kuwa binti yake anatibu wendawazimu. Aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa elimu tarehe 1 Februari 1982, akapewa chumba cha mwisho kabisa, jirani na stoo ya mafagio, chenye meza fupi na viti vya watoto, naye kwa urefu wake akikaa pale magoti yalimfika kidevuni. Alikuwa akipanga visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, safu mbili sawasawa mbele ya mtoto mdogo, mtoto akavihesabu, kisha dada akaitawanya safu moja iwe ndefu na kuuliza ipi sasa ina vingi, mtoto akaionyesha ile ndefu bila wasiwasi, naye hakumsahihisha, alimuuliza tu amejuaje, halafu akanyamaza, na alitwambia kuwa huko kunyamaza ndiko kazi yenyewe.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na mpima ardhi aliyekuja kupima kiwanja cha jengo jipya la taasisi, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, mtu wa vipimo na kamba, ambaye miaka yote alilalamika kwa mapenzi kuwa mkewe analipwa kuwauliza watoto maswali ambayo majibu yake anayajua. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume, daktari wa mifugo, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1988, na kitinda mimba wao wa kike, mpambaji wa waigizaji jukwaani, aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 1991.

Kuanzia mwaka 1995 marehemu aliwafuatilia wanafunzi wa madarasa ya chini katika shule kadhaa, akaona kwamba walioacha vidole mapema walifanya vizuri zaidi katika hesabu, akaandika kuwa namba zikishatulia akilini vidole huachwa vyenyewe, kama mtoto anavyoacha kushika ukuta akishajua kutembea. Wakubwa wa elimu wakaisoma ripoti ile kwa haraka, wakaona sababu pasipokuwa na sababu, wakatoa waraka kwamba vidole vinaharibu watoto, na walimu wakaanza kuwaambia wanafunzi wakalie mikono yao, wakati mwenyewe chumbani kwake hana habari.

Tarehe 6 Machi 2000 binti yake alirudi kutoka shule vidole vimevimba kwa kupigwa rula, na dada yetu, mtu mpole kama maji ya mtungini, akaenda shuleni amewaka moto, akamkuta mwalimu kijana, mwenye adabu zake, aliyemvutia kiti na kumwambia kwa mshangao wa kweli, "Lakini mama, huu si utafiti wako?" Alirudi nyumbani, akaitoa ripoti yake, akaisoma mezani akitafuta sentensi yenye kosa, asiione, akaisoma tena, kila mstari ni kweli, na jumla yake imempiga mtoto wake. Kwa wiki nyingi chakula kilipoa mbele yake, akafikiria kuacha kazi, na alipokwenda kuomba waraka ufutwe aliambiwa kuwa waraka hauanuliwi kama nguo kambani.

Basi akaanza utafiti mwingine, akayapa madarasa mengine ruhusa ya vidole na mengine yakaendelea bila, na katika shule nyingi waliopewa ruhusa walitangulia, kwingine hapakuwa na tofauti, na shule moja matokeo yakawa kinyume kabisa. Shemeji kwa nia njema alimshauri ile moja aiache, adui asipate pa kushika, naye akakataa, akaiandika yote, akaenda nayo mbele ya wakubwa waliotaka ndiyo au hapana, akawaambia kuwa hajui kwa nini shule ile imegeuka, ila anajua mtoto hapigwi kwa jambo ambalo watu wazima hawajalielewa. Waraka ulifutwa Juni 2006. Alistaafu tarehe 30 Machi 2018, na ile shule moja ilimsumbua mpaka siku hiyo.

Tarehe 11 Agosti 2021 alipatwa na kiharusi, akaamka hospitalini akitutambua sote, akiongea vizuri, ila namba zimemtoka, simu ilikuwa imejaa alama alizosema zinafanana na kunguru waliotua kwenye waya, na daktari alipomwonyesha vidole akauliza ni vingapi, alivitazama kwa makini akamwomba arudie polepole, aone ni wapi panapopotea, tukabaki hatujui tucheke au tulie. Binti yake, ambaye kwa miaka alikuwa akija kama mgeni, anakunywa chai na kuondoka, alihamia nyumbani kumuuguza.

Jambo linalofuata binti ameruhusu lisomwe. Asubuhi moja akimfundisha mama yake moja, mbili, tatu kwa vidole, marehemu alimwomba msamaha kwa ajili ya utafiti ule, naye binti akamjibu, "Mama, sikukasirikia utafiti. Siku ile ulirudi ukaenda kwenye makaratasi, mikono yangu hukuitazama." Dada yetu, aliyeitafuta ile sentensi yenye kosa kwa zaidi ya miaka ishirini, aliivuta mikono ya mwanawe mapajani, akaitazama kidole kimoja kimoja, na hata muuguzi wa zamu alipoingia na dawa aliambiwa angoje kidogo.

Alifariki tarehe 3 Juni 2023 asubuhi, nyumbani, ameacha mume, watoto wawili, na wajukuu ambao hatujakubaliana kama ni watatu au wanne, kwa kuwa mmoja bado hajazaliwa, na mkwe wetu anayembeba amesisitiza kuwa na huyo ahesabiwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mishipa ya fahamu kwa subira yao, majirani walioleta viti kabla ya kuombwa, wenzake wa taasisi waliokodi basi, na yule mwalimu wa rula, sasa mtu mzima, aliyefika tangu jana, akaosha vyombo na binti wa marehemu bila wawili hao kusemezana sana. Dada, umefanya kazi, umechoka, lala sasa kwa amani.