Pale Pekundu Palipozibwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya ujenzi. Dada Muuguzi Mkuu na wenzako. Kina mama mliokuja na watoto. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote, na mliokosa viti nawasalimu mara mbili.

Nimeombwa niseme machache, tena mazuri, kuhusu kliniki hii niliyoijenga. Mazuri yapo, nitaanza nayo.

Wengi mnaniita Mama Sisimizi, wengine kwa kunicheka. Haidhuru. Mimi nilianza kwa kubeba zege kichwani, kampuni yangu nimeijenga tofali kwa tofali, na sioni aibu kujifunza kwa mdudu. Mimi na binti wa dada yangu, mtaalamu wa kompyuta, tulipanga vyumba tu; korido tukawaachia sisimizi elfu tatu wa ndani ya kompyuta wazitafute wenyewe. Kila mmoja alijua mambo mawili: aende anakotumwa, na aache harufu anapopita. Njia fupi ikapitwa mara nyingi, harufu ikakolea. Njia ndefu ikasahaulika, harufu ikayeyuka. Hakukuwa na msimamizi wala mwenyekiti, na yamkini ndiyo maana kamati haikuwaelewa.

Maana penye harufu nyingi, kompyuta ilipaka rangi nyekundu. Na pekundu kuliko pote palikuwa hapa nyuma yangu, kati ya mizani ya watoto na chumba cha sindano. Katika kila sisimizi watatu, wawili walipita hapo. Basi tukapapanua: mita nne, dirisha kubwa, benchi la kunyonyeshea. Muuguzi Mkuu alipouona mchoro alisema, "Dada yangu, hapa ndipo penyewe!"

Mwezi uliopita nilisafiri kumzika shemeji yangu. Niliporudi nikakuta ukuta umejengwa hapo. Nikampigia simu Mwenyekiti.

"Mama Sisimizi, ondoa wasiwasi. Pale penye hatari tumeshapaziba."

"Hatari gani, ndugu yangu?"

"Si wewe mwenyewe ulipaka nyekundu? Nyekundu ni hatari, hata mtoto wa chekechea anajua!"

"Maana ya rangi imeandikwa kwenye kona ya mchoro."

"Kona ipi tena? Labda ile tuliyowekea birika la chai."

Mnacheka? Chekeni, ila jana hamkuwapo. Jana tulipokea wagonjwa kwa majaribio. Kutoka kwenye mizani hadi kwenye sindano palikuwa na mita tano. Sasa ni sabini, za kuzunguka nje, kwenye matope. Mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji, kichanga kifuani, mshono haujakauka, alisimama kwenye mvua akauliza, "Jamani, nimekosea mlango?" Hukukosea, mwanangu. Ulipita palepale ambapo kila mwenye miguu angepita, ukakutana na uamuzi wa mkutano.

Nilipotaka ukuta ubomolewe, nikajibiwa kwamba umeshapakwa rangi, mgeni anakuja, itakuwa aibu, tusubiri bajeti ijayo. Aibu! Nauliza mbele ya watu wote: aibu ni kubomoa ukuta, au ni kumzungusha mzazi mvuani ili wakubwa wasionekane wamekosea? Na hiyo bajeti ijayo, nani atamwambia mshono uisubiri?

Naipongeza kamati kwa dhati: ukuta wenu umenyooka, timazi haidanganyi. Lakini haubebi paa, haubebi boriti, haubebi hata taa. Unabeba ukaidi peke yake, na ukaidi hauhitaji msingi wa zege.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pale mezani umeandaliwa mkasi wa kukatia utepe. Utepe upo mlango wa mbele, na mlango huo haujawahi kumzuia mtu. Kilichofungwa hapa ni korido hii nyuma yangu. Kwa heshima zote, mimi nimekuletea nyundo. Fundi wangu amesimama na miwani ya kinga, jozi mbili: moja yako, nyingine ya Ndugu Mwenyekiti. Mkianza nyinyi hakuna atakayeuita ubishi wa Mama Sisimizi, utaitwa ufunguzi. Tofali mojamoja linatosha, yanayobaki tuachieni sisi.

Nashukuru kwa kunitegea sikio. Kina mama, sogezeni watoto nyuma kidogo, vumbi linakuja.