Nilikosa Sala ya Jeneza Nikiwa Birikani

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Namshukuru Allah aliyenipa nguvu ya kukaa kitako na kuyaandika haya. Nimeyaandika kwa sababu nikisimama mbele ya watu mdomo hunikauka, na mambo yenyewe ni ya aibu.

Nianze na kosa langu la kwanza, maana ndilo lililozaa mengine yote. Nilidhani hofu ndiyo ucha Mungu. Nilidhani anayebabaika zaidi ndiye amchaye Mungu zaidi, na kwamba moyo uliotulia ni moyo ulioghafilika. Hakuna maalim aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, na anayejifundisha peke yake hana wa kumwambia kwamba amekosea.

Mimi ni mshona kofia hapa Amu, kisiwani Lamu. Kazi hii nayo nilijifundisha. Nilichukua kofia kuukuu, nikaifumua uzi baada ya uzi ili nione ilivyofungwa, kisha nikajaribu kuirudisha. Watu walipoona kazi yangu wakasema mkono wangu haukosei. Ndugu zangu, sifa ile ilinila! Tangu hapo sikushona kwa furaha tena, nilishona nikiingoja siku ambayo mkono utakosea. Kitobo kimoja cha nakshi kikipinda kidogo tu, nilifumua safu nzima. Kofia ya bwana harusi niliyopaswa kuimaliza mapema, aliipata asubuhi ya nikahi, naye akanipokea kwa uso uliokunjana.

Kisha wasiwasi ukatoka kwenye sindano, ukaingia kwenye ibada.

Msikiti wetu una birika la maji la kale, na ndani yake tumetia visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Hapo tunateka maji kwa kopo na kutawadha. Wenzangu walikuja, wakaosha viungo vyao, wakaingia kusali. Mimi nilibaki. Naosha mkono, nafika kwenye kiwiko, moyo unaniuliza: maji yamefika kweli? Naanza upya. Naosha uso, nashuku nia. Naanza upya. Shee, rafiki yangu wa tangu utotoni, alinipigia kelele mbele ya watu:

"Wee Twalibu! Waatie samaki mai! Wataka wahamie Manda?"

Watu walicheka, eti niwaachie samaki maji wasije wakahamia kisiwa cha pili. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilijiona bora kuliko wao. Nilijiambia: hawa wanafanya haraka, mimi ndiye nitawadhaye sawasawa. Nataja hili kwa haya kubwa.

Nyumbani nilikuwa naishi na nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu walipohamia Mombasa. Yeye aliona mapema kuliko watu wote. Sahani yangu iliporudi jikoni ikiwa haijaguswa, alikuwa akisimama mlangoni pa chumba changu akiniita nije nile.

"Ndoo ule, mwanangu."

"Namaliza safu hii, Bi Mkubwa."

"Safu hiyo waimaliza tangu asubuhi. Wafunga bila nia? Ndaa hiyo haina thawabu!"

Siku moja, nikiwa namkanda miguu, aliniambia jambo alilokuwa ameliweka moyoni. Alisema hataki makubwa siku ya kufa kwake. Alitaka tu nisimame safu ya mbele, nimsalie. "Ami yako na weye. Hilo lanitosha." Nilimwambia insha'Allah, na nilimaanisha.

Alifariki kabla ya alfajiri, baada ya ugonjwa wa siku chache. Ikapangwa asaliwe baada ya adhuhuri. Ndugu zangu, sikula chochote. Nilikunywa chai ya rangi tu, kikombe juu ya kikombe. Kwa kuwa najijua, niliwahi msikitini kabla hata ya adhana. Nilikusudia siku hiyo niwe tayari kabla ya watu wote.

Nikatawadha. Nikakiona kiwiko kama hakikulowa. Nikaanza upya. Watu walijaa, wakanipita, wakaingia. Ikakimiwa sala ya adhuhuri, nami bado niko birikani. Nikajiambia adhuhuri nitaisali baadaye peke yangu, muhimu niwahi jeneza. Nikaanza upya. Nikasikia ami yangu, Ami Athmani, akitoa takbira ya kwanza ya kumsalia mama yake. Nikasema: mara hii ni ya mwisho.

Mnajua sala ya jeneza ilivyo fupi. Haina rukuu wala sijida. Nilipoweka mguu mlangoni, nilisikia salamu ya kuimaliza.

Wakalibeba jeneza. Likatoka kwa mlango ule ule nilioegemea, mikono yangu ikichuruzika maji, kanzu imelowa mpaka kifuani. Ami Athmani alikuwa mbele, bega lake likiwa chini ya jeneza. Alinitazama mara moja, akaendelea na safari.

Nilifuata nyuma. Nilitia udongo kaburini. Na waliponijia watu kunipa pole, mzee mmoja alinishika bega akasema, "Shukuru, mwanangu. Angalau umemsalia." Nami nikajibu, "Alhamdulillah."

Nikanyamaza! Niliwaacha waamini hivyo, matanga mazima, na kila aliyenipa pole nilimwitikia kwa neno lile lile.

Baada ya hapo nilikimbia msikiti. Nilisali chumbani, mahali ambapo hapakuwa na wa kunihimiza, na nikawa naosha zaidi. Nikilala, naamka kutafuta kwenye simu majibu ya masheikh kuhusu udhu, jawabu moja likinipa maswali mapya. Ngozi ya vidole ikapasuka. Nikawa nashona huku nimevifunga kitambaa, mpaka siku moja nilipoinua kofia nyeupe ya mteja, nikaona damu yangu kwenye vitobo. Kofia ile haikusafika. Ilibidi nimwambie mwenyewe, naye aliitazama mikono yangu, si kofia, akasema, "Nenda hospitali, bwana."

Nilikwenda zahanati kutafuta mafuta ya mikono tu. Nikapokewa na sista mmoja, muuguzi kijana, mtu wa bara. Alivigeuza viganja vyangu.

"Unafua nguo za watu?"

"La."

"Sasa hii mikono imefanya kazi gani?"

"Natawadha."

Akanitazama. "Mimi ni Mkristo, lakini majirani zangu wote ni Waislamu, na mikono yao iko sawa. Leo umekula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Na chai nyingine."

Alicheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia mbele ya mtu nisiyemjua. Nilimweleza yote, hata habari ya jeneza. Yeye ndiye mtu wa kwanza kusikia ukweli wangu. Hakunihukumu. Alisema mwili uliochoka na wenye njaa huiletea akili hofu nyingi, na akili iliyochoka huona kosa hata mahali ambapo hakuna. Alinipa mafuta, akanipa na mambo madogo ya kufanya: nile kitu kabla ya chai, nipunguze hiyo chai, simu ilale sebuleni, nitembee kila alasiri, na hofu ikinibana nivute pumzi kisha niitoe polepole. "Ukiona haisaidii, rudi," akasema. "Kuna wenzangu wa kukusaidia zaidi, na si aibu. Na mambo ya dini nenda uwaulize watu wa dini. Usiiulize simu."

Niwe mkweli, nilimdharau moyoni. Nimebeba mzigo wa jeneza, yeye ananiambia nile! Lakini sikuwa na jingine la kushika.

Jioni ile nilikwenda kwa Ami Athmani. Nilimkuta amekaa barazani peke yake. Nilimwambia, "Ami, sikumsalia Bi Mkubwa. Nimewadanganya watu."

"Nalikuona," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nalikuwa na hasira, Twalibu. Nalingoja uniambie weye." Kisha akaniuliza kitu ambacho, kwa yote niliyoyasoma kwenye simu, sikuwahi kukitafuta. "Wajua kwamba aliyekosa jeneza aweza kumsalia maiti kaburini?"

Ndugu zangu, nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Masheikh wetu wameyafundisha haya miaka yote, na mimi nilikuwa nikizama kwenye kiwiko! Lakini furaha haikukaa, kwa sababu papo hapo nilijua kizuizi ni kipi. Ili nimsalie, sharti nitawadhe. Na nikishindwa tena? Nitakuwa nimemkosa Bi Mkubwa mara mbili, na mara hii bila kisingizio.

Ami alinipa sharti moja. Nitateka kopo moja tu. Likiisha, nimemaliza, na shaka yoyote itakayokuja baadaye niiache ipite, kwa kuwa udhu hauondolewi na shaka. "Mtume wetu alitawadha kwa maji matate, kibaba kimoja tu," alisema. "Weye ni nani hata usitoshwe ila na birika zima?"

Mara ya kwanza nilishindwa. Nilimaliza kopo, nikatoka naye kwenda makaburini, tukafika kwenye kona ya njia nikasimama. Nikageuka kurudi kuosha. Nilidhani atanifokea. Alisema tu, "Basi. Twende tukale." Tukala wali na samaki kwake, na mkewe akaniongeza wali mara mbili bila kuniuliza.

Hapo ndipo nilipoanza kuyachukua maneno ya sista kwa uzito. Na hata hapo nilikosea, maana niliyageuza kuwa mtihani. Nikikosa kutembea siku moja, nilijiona nimeharibu kila kitu na nikataka kuanza hesabu upya. Niliporudi kuonyesha mikono, nilimwambia hivyo, akashika kichwa. "Boss, hata kupumzika unataka kupata alama mia?" Akaniambia nikikosa leo, nitembee kesho, yaishe.

Basi nikafanya hivyo, vibaya vibaya. Nikala muhogo au mkate asubuhi kabla ya kushika sindano. Simu ikalala sebuleni, na usiku wa kwanza niliitamani kama mtu anavyotamani maji. Alasiri nikawa natembea kando ya bahari kuelekea Shela, mara nyingine na Shee, ambaye hachoki kunitania. Hofu ikija nikawa napumua taratibu mpaka mabega yashuke. Hakukuwa na siku moja ambayo mlango ulifunguka kwa kishindo. Nililala kidogo zaidi, nikala kidogo zaidi, na sauti ile ya moyoni ikawa bado inasema, lakini haikupiga kelele tena.

Ijumaa moja, watu walipokwisha kutoka msikitini, nilimwambia Ami niko tayari. Nikateka kopo moja. Niliosha, nikapaka kichwa, nikaosha miguu, kopo likaisha. Moyo ukauliza habari ya kiwiko. Nikatoa pumzi polepole, nikavaa viatu.

Pale kwenye kona nilisimama tena. Ami alingoja. Shaka ilikuwa pale pale, sikuwa nimeishinda. Nilitembea nayo.

Makaburini, Ami alinisogeza mbele yake, mimi na kaburi bila mtu katikati. Nikaleta takbira. Nikaleta ya pili. Katika ya tatu nilimwombea Bi Mkubwa, na machozi yalinilowesha uso kuliko maji yote niliyowahi kuteka. Nikaleta ya nne, nikatoa salamu. Nilipogeuka, Ami Athmani alikuwa analia pia. Akasema, "Ametosheka, insha'Allah," tukarudi nyumbani.

Kisha niliwaendea walionipa pole, nikianza na yule mzee, nikawaambia ukweli. Baadhi waliudhika. Wana haki.

Namshukuru Allah aliyenipa ami mwenye subira na akanipitisha kwa mikono ya dada asiye wa dini yangu. Na kwako wewe unayesoma haya huku umejificha na hofu yako ukiiita ucha Mungu, au ukiiita bidii ya kazi: mtegemee Mungu aliye Mwingi wa Rehema, wala hakukuwekea mtego kwenye kiwiko. Kula. Lala. Tembea. Mwambie mtu mmoja kabla hujakosa usichoweza kukirudisha, maana mimi nilisali kaburini, lakini safu ya mbele aliyoniomba nyanya yangu sikusimama, na hilo nitalibeba.

Wasiwasi bado hunijia, hasa nikiwa na njaa. Sasa nauacha useme, natawadha mara moja, na naingia kusali pamoja na wenzangu.