Mzee Buti, Mpangaji wa Herufi Nene

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee safari ya kaka yetu, aliyezaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala, akasoma shule ya msingi tangu Januari 1952 hadi Desemba 1959, ambako mwalimu wake alisema mwandiko wake ni wa mtu anayetaka asomwe hata na aliyesahau miwani.

Jumatatu, tarehe 2 Januari 1961, aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akazipenda kuliko zote zile herufi nene za mbao za matangazo, ambazo mistari yake yote ina unene mmoja na kila mguu umesimama juu ya kitako cha mraba, wenzake wakaziita herufi zilizovaa buti, naye wakamwita Mzee Buti akiwa kijana wa miaka kumi na sita.

Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1967, homa ya matumbo ikiwa imeingia mtaani, bwana afya aliagiza tangazo la kubandikwa penye mabomba, CHEMSHA MAJI KABLA YA KUNYWA, maneno yanayotaka A sita, na kasha la herufi nene lilikuwa na nne tu, msimamizi akaamuru zitumike herufi nyembamba, marehemu akakataa kwa heshima, akisema hata wa mwisho kwenye foleni ya ndoo ana kiu, akapewa hadi saa nane mchana, la sivyo angeondolewa mtamboni.

Alikimbilia kwa seremala jirani, akachongewa A mbili kwa haraka, na aliporudi ndipo akakumbuka kwamba hakumwambia herufi ya kuchapia huchongwa kinyume, akazigeuzageuza mkononi, na alipozitazama vizuri akacheka peke yake, kwa kuwa A ya buti ina miguu miwili sawa na haina kinyume, ilhali ile nyembamba, yenye mguu mmoja mwembamba na mmoja mnene, ingetoka inachechemea, na saa saba na dakika arobaini mtambo ukaanza kutoa karatasi mia nne.

Alirudi kumshukuru seremala, akamkuta dada wa seremala huyo, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Julai 1968, wakajaliwa binti mwaka 1970 na pacha wa kiume mwaka 1973, naye alistaafu tarehe 31 Machi 2004.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2021, akatutoka Jumatano, tarehe 8 Juni 2022, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wachapaji wenzake na shemeji seremala, na kwa namna ya pekee muuguzi mstaafu anayejitolea wodini, aliyemweleza marehemu kwamba yeye alipokuwa darasa la pili alimsomea bibi yake tangazo lile akiwa nyuma kabisa ya foleni, na jioni ile nyumbani kwao maji yakachemshwa, neno ambalo marehemu aliomba lirudiwe mara tatu.

Umesomeka, kaka yetu, nasi tunashukuru, basi lala upumzike kwa amani.