Wasifu wa Dada Futi, Aliyengoja Langoni Kila Ijumaa

Ndugu, majirani, na nyinyi mliokuja mmoja mmoja mkasimama karibu na ukuta: sogeeni, viti vipo. Huyu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 7 Februari 2025, wengi wenu mnamjua kwa jina la Dada Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia nguo iliyokuwa shingoni mwake asubuhi mpaka jioni, hata akienda msibani. Wasifu huu unasomwa na mpwa wake, binti wa kaka yake mkubwa, kama alivyoagiza mwenyewe. Aliagiza pia kwamba asisifiwe hovyo, kwa hiyo mtatuvumilia.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa mchoma matofali, mama yake alifua nguo za watu. Mdogo wake wa kiume, ambaye nyumbani aliitwa Mrefu tangu kabla hajawa mrefu, alifuata mwaka 1958.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na kituo cha treni, kuanzia Januari 1959 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1965. Alishika nafasi ya tatu na walimu walitaka aendelee. Lakini mama yao alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na Mrefu alikuwa na miaka saba, hata vifungo vya shati vilikuwa vinamshinda. Dada mtu akabaki nyumbani. Kwa miaka mitano alimpeleka mdogo wake shule kila asubuhi, na kila mchana alikuwa mlangoni kabla kengele haijalia, kwa maana mtoto yule akitoka asimwone mtu wake, alikaa chini pale pale na kusema miguu imeisha. Kaka yao mkubwa alijaribu mara moja kumburuta, akaumwa mkono. Alama anayo mpaka leo, muulizeni.

Ushonaji alijifunza kwa jirani, na mwaka 1972 akafungua chumba chake cha kazi kwenye barabara ya stendi: dirisha moja, cherehani moja, meza ya kukatia, na ukuta aliouandika kwa chaki ya fundi mpaka ukawa hauna rangi. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi wa saa. Hawakujaliwa mtoto. Mzee wetu huyo yuko nasi leo, na ameturuhusu tuseme kwamba waliachana mwaka 1992 bila ugomvi. Alituambia sababu kwa maneno machache: alichoka kula chakula na mke anayetazama mlango.

Mlango aliokuwa akiutazama ndio wasifu wake hasa, na hatuwezi kuuzunguka.

Mwaka 1983 Mrefu alikuwa mtunza stoo katika ghala la saruji. Aliteleza. Mifuko ilitoka kwa njia isiyo halali na yeye ndiye aliyekuwa na funguo. Alijificha siku tatu katika chumba cha dada yake, nyuma ya majora ya vitambaa, na siku ya tatu dada yake alimtengenezea chai, akamnyooshea kola na kumwambia: "Nenda kajieleze mwenyewe. Siku utakayotoka, mtu wa kwanza kumwona nitakuwa mimi." Akaenda. Alihukumiwa miaka sita, akapunguziwa theluthi kwa mwenendo mzuri, na karatasi ikaandikwa kwamba angemaliza kifungo Jumapili tarehe 16 Agosti 1987.

Jumapili hiyo marehemu alifika lango kuu la gereza saa kumi na mbili asubuhi, na suruali ya kijivu na shati jeupe alilolishona kwa vipimo vya kukumbuka. Alisimama mpaka saa nne ndipo askari wa zamu akamwonea huruma na kutoka nje. Alimweleza kwamba magereza hayafungulii mtu siku ya mapumziko, na mwenye tarehe ya Jumapili hutoka Ijumaa yake. Kila anayefanya kazi mle ndani analijua jambo hilo, na kwenye karatasi halimo.

"Yule mrefu?" askari alisema. "Alikaa kwenye lile jiwe juzi kutwa nzima. Aliniuliza saa mara tatu. Jioni akainuka."

Mrefu hakurudi nyumbani. Marehemu alimtafuta stendi, hospitali, kwenye matangazo ya redio na kwa kila dereva wa lori aliyewahi kushonewa shati. Hatukupata barua wala salamu. Kilichomla si kwamba mdogo wake amepotea tu. Ni kwamba kokote alikokwenda, amekwenda akiamini dada yake alimtupa.

Ijumaa iliyofuata alirudi langoni. Alisema huenda Mrefu atapita. Mrefu hakupita, lakini alitoka mwanamume mwingine, amevaa kaptura aliyokamatwa nayo miaka tisa nyuma, hajui aende kushoto au kulia. Marehemu akampa ile suruali ya kijivu. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na ikaendelea miaka thelathini na saba.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii: hakumwomba mtu mchango, alimwomba kitu kimoja anachokijua. Fundi viatu alitengeneza jozi moja. Mama mwenye nyumba za kupanga alitoa chumba kwa mwezi mmoja, na sharti lilikuwa mlango ufungwe kwa ndani, aliyepewa chumba akae na ufunguo wake. Karani wa ofisi ya mtaa alimsaidia mtu kupata kitambulisho bila kumsimanga mbele ya foleni. Majina yote yaliandikwa ukutani kwa chaki, na aliyetimiza lake hakufutwa; aliongezewa jingine. Wapo waliobadilisha njia ya kwenda sokoni ili wasipite dirishani kwake. Mama mwenye nyumba alipomlalamikia kwamba analeta wezi mtaani, alimjibu kwamba yeye haleti mtu, hawa ni watu wa hapa hapa wanarudi, kisha akamuuliza kama chumba cha Ijumaa kimefagiliwa. Kilikuwa kimefagiliwa.

Alikosea pia. Mwanzoni alikuwa akiwapima kwa macho siku za kuwatembelea gerezani, wao wameketi upande wa pili wa meza. Mashati yaliwakaa sawasawa, suruali zikaishia juu ya vifundo, maana miguu alikuwa hajaiona. Mwaka mzima mtaa huu ulijazwa watu wenye suruali fupi, na kila mtu alijua wametoka wapi. Kinyozi wetu, aliyepokelewa mwaka 1996, anasimulia kwamba marehemu akimaliza mazungumzo aliwaamuru wasimame kwanza, wageuke, ndipo aage. Askari walidhani ni dini mpya.

Lakini nyumbani alikuwa mpweke, na tuseme hivyo hivyo. Watu aliowapokea walipata kazi, wakapata wake na waume, wakahama. Wengine hawakupenda kukumbushwa na wakampita barabarani kama hawamjui. Hakuwalaumu. Jioni alikula peke yake, kiti kimoja kikiwa kimeegeshwa ukutani kutazamana naye, na juu ya kiti hicho nguo nyingine alizomshonea Mrefu. Kila mwezi wa Agosti alizifumua na kuzishona upya, kwa sababu mtu habaki na kiuno cha miaka ishirini na tisa. Katika daftari lake la vipimo, ukurasa wa kwanza ni wa Mrefu peke yake: kiuno inchi thelathini mwaka 1987, thelathini na mbili mwaka 1995, thelathini na sita mwaka 2010. Vyote vya kukisia. Mpwa wake alimtania siku moja kwamba anamnenepesha mtu asiyemwona. Shangazi hakucheka. Alisema, "Nataka awe amenenepa. Nataka awe alipata mahali akala, akanisahau." Kisha akaomba apitishiwe mkasi.

Mwaka 2022 macho yalianza kumtupa mkono, na mwaka jana madaktari wakasema moyo umepanuka. Alilazwa hospitali ya wilaya tarehe 19 Januari mwaka huu. Ijumaa tarehe 31 alikuwa na mtu wa kupokea, na kwa mara ya kwanza hakuweza kuinuka. Akamtuma mpwa wake, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa na udhuru kila Ijumaa. Mpwa alikwenda, akampokea kijana mmoja mwenye kikohozi, akampeleka kwa kinyozi, akamwonyesha chumba na ufunguo. Aliporudi wodini alisimulia yote kwa kirefu, akitegemea kusifiwa kidogo. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye jiwe," akauliza, "hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu, shangazi."

"Umetazama vizuri?"

Mpwa hakuwa ametazama, na alikiri. Alfajiri ya Jumamosi alirudi akatazama. Ni jiwe la kawaida, limekuwa laini katikati kwa kukaliwa. Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Aliacha maagizo matatu. Azikwe Ijumaa. Wasifu usomwe na mpwa. Na Mrefu aandikwe miongoni mwa walio hai. Juu ya hilo la tatu hatukuelewana. Kaka yake mkubwa, ambaye amezika wazazi na sasa anazika dada, alisema miaka thelathini na saba inatosha, tuwe wakweli, tumwandike na waliotangulia ili naye apate maombi. Alisema akilia, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumbishia isipokuwa kinyozi, aliyekuja kupima kaburi. Kinyozi alisema: "Mzee, mimi kwetu walishanilia matanga. Nilifika nikakuta shamba langu wamegawana. Dada Futi ndiye aliyekuwa ameniandika hai, na mimi sikuwa ndugu yake." Mzee akaomba kalamu, akaandika mwenyewe.

Basi orodha ni kama alivyoiandika. Marehemu ameacha kaka mmoja, wapwa sita, wajukuu kumi na wanne kwa kaka yake, na mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka sitini na sita, mrefu, asiyependa kuburutwa.

Mrefu, kama uko hapa nyuma ya watu, au kama karatasi hii itakufikia kwa mkono wa mtu: dada yako alikuja. Alikuja Jumapili, maana karatasi yako ilisema Jumapili, na alikuja kila Ijumaa baada ya hapo. Nguo zako ziko kwenye kiti cha mbele, zimepigwa pasi. Kiuno kikikubana kitafumuliwa. Mpwa wako amejifunza.

Wageni wataombwa kuondoka kwa wakati wao. Sisi wa familia tutabaki kaburini mpaka jioni, kwa kuwa wewe nawe ulikaa mpaka jioni.

Dada Futi apumzike kwa amani. Zamu ya kungoja sasa ni yetu.