Makofi Ambayo Mama Hakuyasikia: Kumuaga Bi. Nzembi Kituku

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na miezi miwili ya kazi, Bi. Nzembi Kituku atafunga kabati la kadi za wagonjwa na kumkabidhi ufunguo Sista Carolyne, msimamizi wa kituo chetu cha afya. Wanaomjua wanasema ataupangusa kwanza kwa ncha ya leso.

Wasifu kama huu, wa kuchapishwa kwenye programu ya sherehe ya kuagana, huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Mimi si mfanyakazi. Naitwa Sharon, niko kidato cha tatu, na mama yangu, Wakio Mwandawiro, ndiye msafishaji wa kituo. Sista Carolyne alimwomba Mama aandike kwa sababu ndiye pekee aliyeajiriwa wiki moja pamoja na Bi. Nzembi. Mama alikaa na karatasi tupu siku tisa, halafu akaiweka juu ya vitabu vyangu. "Andika wewe, ndiwe mwenye Kiswahili cha shule." Sikuuliza kwa nini. Nilijua.

Lakini tuanze na kazi.

Bi. Nzembi alifika Voi mwaka 1995 kutoka upande wa Kitui, ana miaka thelathini, na mwanawe Mbuvi mgongoni. Mama alikuwa ameteremka kutoka Mwanda, ana miaka ishirini na miwili. Wote wawili waliajiriwa kupiga deki. Ndoo ilikuwa moja, kwa hiyo mmoja akisugua wodi mwenzake alifagia nje, kisha wanabadilishana. Mama hakujua Kikamba na Bi. Nzembi hakujua Kidawida, basi wakafundishana matusi kwanza.

Mwaka 2003 Bi. Nzembi alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, katikati ya watoto wa shule. Alikuwa ametoka zamu na hakupata muda wa kubadilisha nguo. Mwalimu wa mlangoni alidhani amekuja kufagia, akamwomba asubiri nje mpaka mtihani uishe. Alipita vizuri, akasomea cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, na mwaka 2006 akawa karani.

Hapo akakutana na tatizo la majina. Huku kwetu mtoto hurithi jina la bibi au babu, kwa hiyo kabatini kulikuwa na akina Wakio kumi na wanne, wengine wakifanana majina yote matatu. Siku moja kadi zilibadilishana, na nyanya wa miaka sabini na mmoja, aliyekuja kwa ajili ya goti, akaitwa kwenye kliniki ya waja wazito. Alikwenda, akaketi kwenye foleni, akasema kama serikali imeona hivyo yeye hana la kubisha.

Tangu wiki hiyo Bi. Nzembi alimuuliza kila mgonjwa: umerithi jina la nani, na huyo alikuwa wa wapi? Jibu akaliandika kwa kalamu nyekundu kando ya jina. Hakuna mtu wa hapa asiyelijua jibu hilo, hata mtoto wa darasa la pili. Kadi zikaacha kubadilishana. Kompyuta zilipoletwa, aling'ang'ania mpaka swali lake likaongezwa humo pia. Vituo vingine vilituma makarani waje kujifunza, na mwaka 2016 alipewa tuzo ya mfanyakazi bora, hapa hapa uwanjani, mbele ya wageni.

Sasa sehemu ngumu.

Tangu alipoiacha ile ndoo, watu walikuwa wakimsema. "Karani na viatu vya kisigino! Juzi si alikuwa anakamua tambara?" Na lile neno letu la kawaida: "Anajiona." Nimejaribu kutafuta kosa alilofanya, sijalipata. Hapa kituoni wamepita madaktari wenye magari makubwa na hakuna aliyewachukia. Daktari alifika akiwa daktari. Lakini Bi. Nzembi tulimwona akianza, tunajua hata ndoo yake ilikuwa ya rangi gani, na kila alipopanda hatua moja, mtu aliyebaki chini alijikuta na swali asilotaka kujiuliza. Kumkasirikia yeye ni rahisi kuliko kulijibu. Sisemi hivi kuwahukumu wakubwa wangu. Darasani kwetu kuna msichana anayenishinda hesabu, na juzi nimegundua nimehifadhi kichwani makosa yake yote ya Kiingereza.

Nyumbani kwetu Bi. Nzembi aliitwa "yule". Mama alisema wazo la majina lilikuwa lake, alilitoa wakinywa chai, na yule akaliiba akaenda kupigiwa makofi. Siku ya tuzo Mama hakwenda. Alisema anaumwa jino. Jioni Bi. Nzembi akaja kwetu na sahani ya keki iliyofunikwa. Nilikuwa na miaka saba. Mama alininong'oneza kutoka jikoni, nami nikasimama mlangoni nikasema, "Mama hayupo." Bi. Nzembi aliziangalia kandambili za Mama pale kizingitini, akanipa keki. "Basi mwambie namwombea jino lipoe." Keki niliila, na mpaka leo sijamshukuru.

Mwezi uliopita Sista Carolyne alinipa faili ya Bi. Nzembi ili nitoe tarehe. Ndani nikakuta hotuba yake ya siku ile ya tuzo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza unasema: "Wazo hili si langu. Alinipa mwenzangu Wakio, tukinywa chai. Yeye ndiye mwenyeji wa majina haya. Naomba asimame tumpigie makofi." Pembeni ameongeza kwa penseli: "Hakuja. Jino. Wamempigia hata hivyo."

Kwa miaka tisa hakuna aliyemwambia Mama. Niliwauliza watu wawili watatu waliokuwepo, wakasema walijua hataki kusikia habari za yule. Bi. Nzembi alijaribu. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

Nilimpelekea Mama karatasi hiyo ya hotuba akiwa anachambua mchicha. Aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Ule mwaka wa mtihani, Bi. Nzembi alichukua fomu mbili za kujiandikisha, na ya pili ilikuwa ya Mama. Mama aliiweka chini ya godoro mpaka siku ya mwisho ikapita, kwa kuogopa kuanguka mbele ya rafiki yake. "Sikumchukia kwa sababu alinipita," Mama alisema. "Nilimchukia kwa sababu alikuwa ameningoja."

Nilimuuliza kama nizifute sehemu hizi, maana programu itasomwa na watu wengi. "Usifute. Hata hilo jino liache. Halikuwa linauma."

Bi. Nzembi sasa anaelekea Mahoo, ambako Mbuvi amempandia migomba na kumjengea nyumba yenye veranda. Anatuachia makarani wawili aliowafundisha, kabati lisilo na kadi hata moja iliyopotea, na kalamu zote zikiwa zimefungwa kamba kwenye meza, ili tusiziibe. Asante, Bi. Nzembi, kwa kumuuliza kila mtu anatoka kwa nani, na kwa kusubiri jibu. Tunakuombea siku ndefu, magoti mazima, mvua ya wakati wake, na majirani watakaofurahi ndizi zako zikishinda zao.

Sista Carolyne alitaka nisome ukurasa huu mwenyewe. Mimi nikisimama mbele ya watu sauti hunikauka. Mama akasema atausoma yeye. Kwa hiyo sauti unayoisikia sasa, Bi. Nzembi, ni ya Wakio, na kama imekatika mahali, naomba sote tumsubiri. Karatasi yangu inaishia hapa. Mama ana mengine ya kukwambia, na hayo sikumwandikia.