Debe Chini ya Kitanda cha Mwenyekiti

Bwana asifiwe, watu wa Isongole! Hapana, hapana. Mmeitikia kama watu waliokula viazi vya jana. Bwana asifiwe! Ameni. Hapo sawa, hata ninyi wa mlangoni nimewasikia.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Lusajo, mwenyekiti wenu wa kijiji, mkulima wa viazi, mke wa yule baba mpole aliyekaa pale karibu na dirisha. Wengine mnanijua zaidi kwa mdomo wangu. Lakini leo tuna wageni waliotoka Matwebe na Msasani ya Tukuyu mjini kusali nasi, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, wasije wakarudi kwao wakiulizana yule mama alikuwa anasema nini.

Mimi nilikuwa mtu wa maneno. Nikiona watu watatu wamesimama, lazima niwachekeshe. Nilijua ni kipaji, kumbe kilikuwa kiberiti nimeshika karibu na nyasi kavu.

Wakati wa kampeni za uchaguzi wa kijiji nilishindana na jirani yangu Ambakisye, wa chama cha wenzetu. Mke wake ni Atupele, huyu huyu anayeimba sauti ya kwanza kwaya. Atupele ndiye mtunza fedha wa Saccos yetu, chama chetu cha akiba na mikopo, kile chumba kimoja pale senta chenye dirisha la kioo na nondo. Humo ndimo tunamoweka fedha za viazi, na humo ndimo tunamokopa za mbolea. Wengi wetu hatuna benki nyingine.

Siku moja nimepanga foleni kwenye mashine ya kusaga, mdomo ukaniwasha. Nikasema, "Mume anaomba kura, mke ameshika ufunguo wa sefu. Haya jamani, pilau ya kampeni tutajua imetoka mfuko gani!" Watu wakacheka mpaka mwenye mashine akazima injini asikie. Nikabeba unga wangu, nikaenda zangu. Wala sikukumbuka tena.

Uchaguzi ukaja, nikashinda. Siku ya gulio vijana wa upande wangu wakawavamia vijana wa Ambakisye, wakawashushia bendera, wakarushiana mawe katikati ya mafungu ya maharage. Kijana wangu mmoja, Anyisile, akampiga mpwa wa Ambakisye kwa rungu, akamvunja mkono. Na mimi kiongozi wa serikali nilifanya nini? Nilisema vijana wana damu moto. Basi! Niliona aibu kukemea watu waliokuwa wamenibeba mabegani juzi yake.

Ndugu zangu, dhambi haikai peke yake, hualika wenzake. Wiki mbili baadaye shangazi yangu akanijia mbio kutoka kijiji cha pili, hata pumzi hana. Saccos imekufa! Fedha zote zimeliwa kwenye kampeni! Nikamwuliza nani kasema. Akajibu hamjui kwa jina, ila ni mtu mkubwa kabisa, mtu wa serikali. Mwe bandu, jamani watu! Mtu huyo wa serikali nilikuwa mimi! Neno langu la mashineni lilikuwa limezunguka vilima vyote, limerudi limeota ndevu, na mimi mama yake sikulitambua. Niliogopa.

Nilikuwa na akiba ya mabati na ada ya Lusajo. Kesho yake alfajiri nikavaa koti la mvua la mume wangu, nikajifunika uso kwa kanga, nikapanda bodaboda hadi senta. Nilikuwa wa kwanza dirishani. Atupele alinihesabia fedha zangu zote, hakuuliza swali hata moja. Nikaenda nazo nyumbani, nikazitia kwenye debe, nikazifunika kwa mbegu ya viazi, nikalisukuma debe chini ya kitanda. Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilisahau kwamba uso nimefunika lakini miguuni nimevaa mabuti yangu mekundu, na hapa kijijini mabuti mekundu ni ya mtu mmoja tu.

Yule wa bodaboda alipata habari ya kuwasimulia abiria wake siku nzima. Hata mwenyekiti katoa! Kufika saa nne foleni ilikuwa imetoka dirishani imepita duka la Mzee Hamisi imefika barabarani. Waliofika mapema walipata, waliochelewa hawakupata. Fedha hazikuwa zimeibwa, ndugu zangu. Zilikuwa mashambani! Zilikuwa zimekopeshwa za mbolea na mbegu, zimefukiwa ardhini na viazi vyetu, na viazi havichimbwi kwa sababu mtu ameogopa. Jambo hilo nililijua vizuri, maana hata mimi nilikuwa nimekopa mifuko minne ya mbolea.

Nikaitisha mkutano wa hadhara. Nikasimama pale mbele ya ofisi ya kijiji, nikasema kwa sauti kubwa, "Fedha zenu ziko salama, msitoe!" Nyuma akajibu mtu, "Na za kwako ziko wapi, mama mwenyekiti?" Watu wakacheka, na safari hii wananicheka mimi. Nikajifanya sijasikia. Mkutano ukavunjika kwa zomeazomea. Vijana, wakiwemo wa chama changu mwenyewe, wakateremka senta wakipiga kelele mwizi, mwizi. Jiwe likapita kwenye nondo, likavunja kioo. Atupele alikuwa ndani. Kioo kilimchana kiganja cha mkono wa kulia, damu ikamwagikia vitabu vyetu vya akiba. Mzee Hamisi ndiye aliyemtoa kwa mlango wa nyuma, akamficha stoo kwenye magunia ya sukari mpaka watu wakatawanyika. Saccos ikafungwa.

Sasa sikilizeni mateso yangu. Sikuweza kusali! Mimi huwa napiga magoti kando ya kitanda asubuhi na jioni, tangu nilipofundishwa na marehemu mama. Nikiinamisha kichwa, naangaliana na debe. Nikifumba macho, nalinusa, ile harufu ya mbegu inayoanza kuchipua. Nikahamia upande wa pili wa kitanda, debe likaonekana vizuri zaidi. Siku ya tano Baba Lusajo akaniambia, "Mama, tangu lini tunalala juu ya viazi?" Akachukua jembe lake akaenda shambani. Bora angenifokea.

Ndipo ukaja msiba. Mama yake Ambakisye, bibi aliyewakanda nusu ya watoto wa kijiji hiki, alifariki asubuhi. Mimi nilikuwa palizini. Kilio kikapanda kutoka bondeni. Wageni wetu wa Msasani mmezoea mji, lakini ninyi wengine mnajua desturi yetu. Kilio kikisikika, jembe linawekwa chini. Huulizi ni nani, huulizi ni wa chama gani. Unaacha tuta katikati, unakwenda.

Siku ile nilisikia majembe yakiendelea kulima.

Shamba la juu wanalima. Shamba la chini wanalima. Kilio kinapanda, na majembe yanaitika, po, po, po. Nikashikwa na hasira. Nikataka kupiga kelele, ninyi watu mmekuwa wanyama! Nikafumbua mdomo. Hapo nikaona mikono yangu. Na mimi nilikuwa nimeshika jembe! Na mimi nilikuwa nimeshapiga mara mbili, tatu, tangu kilio kianze!

Ndugu zangu, hapo ndipo Kyala, Mungu wetu, alinikamata. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Niliona jembe tu. Nikaliangusha, nikakaa chini kwenye tope, nikalia kama mtoto. Nikasema Bwana, kijiji hiki kimekufa, na aliyekiua ni mimi kwa mdomo wangu na kwa woga wangu. Nisamehe, na unipe nguvu ya kutembea mpaka bondeni. Hayo tu ndiyo niliyoomba, na hayo tu ndiyo aliyonipa, na yalitosha!

Nikakata mkungu wa ndizi, nikajitwisha, nikapita katikati ya mashamba. Sikumwita mtu. Waliponiona na mkungu kichwani walielewa ninakwenda wapi. Kufika msibani nikakuta wanaume watano tu wanachimba kaburi, na mmoja ni Mzee Hamisi, Mwislamu wa watu, amekunja suruali, udongo umemfika magotini. Nilipogeuka nyuma nikamwona Anyisile amenifuata na beleshi, na wengine nyuma yake, vichwa chini.

Mnajua taratibu za maziko. Kabla ya kushusha mwili, serikali ya kijiji hupewa nafasi ya kutoa salamu. Mwongozaji akaniita. Nilikuwa nimeandika salamu kwenye karatasi pale pale msibani, nikaikunja. Nikawaambia wazi. Maneno ya pilau niliyasema mimi, mashineni, na ni uongo. Wa kwanza kutoa fedha ni mimi, nilikuja nimejifunika kanga. Fedha zangu ziko kwenye debe, chini ya kitanda. Jiwe lililomuumiza Atupele limerushwa na mkono wa kijana, lakini lilitoka kinywani mwangu. Ambakisye, ndugu yangu, Atupele, mdogo wangu, mnisamehe mbele ya mama huyu aliyelala hapa.

Mwili ukashushwa. Ulipofika wakati wa kufukia, Ambakisye akachukua beleshi, akatupa udongo mara moja. Kisha akatazama watu, akampelekea beleshi lile Anyisile, aliyemvunja mpwa wake mkono. Anyisile akalipokea kwa mikono miwili, akafukia huku analia. Hakuna mtu aliyebaki na macho makavu pale. Kesho yake nilimpeleka mwenyewe kituo cha polisi Tukuyu, akaeleza kosa lake, na gharama za matibabu ya yule kijana familia yake ikazibeba. Maana msamaha haufuti kazi ya serikali, nami nilikuwa nimechelewa kuifanya.

Jumatatu nikalitoa debe. Safari hii sikupanda bodaboda! Nilijitwika kichwani mchana kweupe, mabuti mekundu miguuni, nikatembea polepole. Nikapita mashineni, watu wakatoka kunitazama. Atupele alikuwa amefungua dirisha lisilo na kioo, mkono umefungwa bandeji. Nikafukua mbegu, nikazitoa fedha zina udongo. Alizifuta moja moja. Kisha akashika kalamu kwa mkono ule ule, nikaona inavyomuuma, akaniandikia stakabadhi, herufi zimepinda. Akasema, "Karibu tena, mwenyekiti." Basi. Nilitaka ardhi inimeze.

Nilipogeuka Mzee Hamisi alikuwa nyuma yangu na mauzo yake ya wiki. Nyuma yake yule wa bodaboda. Nyuma yake shangazi yangu, bado anahema! Siku ile foleni ilikuwa ndefu kama ile ya kwanza, ila watu walikuja kuweka. Siwadanganyi, si wote walirudi, na miezi miwili iliyofuata tulikula kwa kubana. Lakini viazi vikachimbwa, wakopaji wakalipa, na leo hakuna aliyedai akakosa. Lusajo yuko shule. Mabati bado, na mvua ikinyesha tunasogeza kitanda, na chini ya kitanda hakuna kitu! Napiga magoti upande wowote ninaoutaka!

Ndugu zangu, Bwana hakuniokoa na adui. Aliniokoa na mimi mwenyewe. Ndaga fijo, Kyala! Asante sana, Mungu! Namshukuru Ambakisye, namshukuru Atupele. Atupele, mdogo wangu, inua mkono wako wa kulia wakuone. Usione haya. Tazameni kovu lile. Mkono ule nilioumiza ndio unaotunza akiba yangu mpaka leo, na haujawahi kunipunja hata shilingi.

Na wewe uliyekaa hapa, una debe lako. Mimi silijui, wala usiniambie, unajua mdomo wangu ulikotoka! Lakini jirani uliyemsema unamjua. Tukitoka hapa usipite njia ya mkato. Pita mlangoni kwake, mchana, watu wakuone. Kama unaogopa kwenda peke yako, nigongee. Nitavaa mabuti yangu, twende wote.