Tupimwe kwa Magadi, Si kwa Ng'ombe

Risala ya darasa la akina mama wa Themi, Arusha, Agosti 1912

Mgeni wetu rasmi Bwana Mkaguzi wa Shule, Bwana Mchungaji, Mwalimu wetu Sumari, na majirani wote mliofika:

Karibu Themi. Ninayesoma ni Nanyori, mwenye cheti cha shule ya misheni, na mama wa watoto ambao sitataja ni wangapi. Sababu utaisikia.

TULIKOANZIA

Tulianza miaka miwili iliyopita, sote watu wazima, wengine tukiwa na wajukuu. Tulitaka sabuni tu. Magadi huletwa na punda kutoka ziwani, chokaa tunachoma wenyewe, mafuta ya ng'ombe yapo. Tukachanganya kwa kukisia. Sabuni ile ilitubabua mikono, tukashindwa kukamua wiki nzima.

Hapo Mwalimu Sumari akatufundisha elimu anayoiita kemia. Tukaijua karatasi inayogeuka nyekundu kwenye ndimu na bluu kwenye magadi. Tukajua kwamba magadi yakichemshwa na chokaa hutoa maji makali, na maji hayo yakipata mafuta ya kutosha, ukali wote huisha ikabaki sabuni. Kipimo chetu ni magadi ratili mbili, chokaa moja, mafuta saba.

TULIYOYAWEZA

Ujanani hesabu zilitushinda. Sasa ni nyepesi, kwa kuwa tunaona zinakokwenda. Juzi mwalimu alimuuliza Bibi Nashilu, "Mafuta yakiwa ratili ishirini na moja?" Akajibu bila kuacha kukoroga, "Magadi sita, chokaa tatu, na wewe sogea, unaniziba."

Mzee mmoja alipita akasema, "Mama mzima unasoma nini? Kichwa kimeshakauka." Tukamwambia, "Magadi nayo ni makavu, baba. Yaguse yakiwa na maji."

Hospitali ya misheni inatumia sabuni yetu. Haijambabua mtu.

SHIDA YETU

Mwaka jana tulifanya mtihani, tukaanguka sote. Taarifa ikaandikwa kwamba wanawake wa Themi hawana akili ya hesabu. Barua iliyofuata inasema tukianguka tena, darasa lifungwe na mizani tunayopimia magadi ipelekwe shule nyingine. Mtihani ni kesho.

Bwana, hatukushindwa. Tulikataa. Swali la kwanza, ambalo mwalimu alilinakili ubaoni kutoka karatasi yenu, lilisema mtu ana ng'ombe arobaini, kumi na mmoja wamekufa. Bibi Nashilu aliinuka akauliza, "Ng'ombe wa nani hao unaowaua ubaoni?"

Mwalimu akasema, "Ni wa ubaoni tu, bibi."

"Basi wahesabu wewe. Wakifa, wawe wako."

Swali la pili lilikuwa la mama na watoto wake. Hapo tukaweka kalamu chini. Kwetu hatuhesabu kilicho hai. Ukikihesabu, umekiita kifo kije kuchagua. Unaweza kuliona ni jambo dogo. Wengi wetu tumezika, na hatutalijaribu kwa ajili ya cheti. Kosa letu ni kutokueleza sababu. Tulidhani kila mtu anajua.

OMBI

Hatuombi mtihani rahisi. Tupe namba kubwa, tupe mgawanyo, tupe sehemu za ratili. Ila karatasi ya kesho iko mkononi mwako leo: futa ng'ombe, andika magadi. Futa watoto, andika chokaa. Jibu likiwa si sahihi, funga darasa na mizani uichukue. Tutakufungia mzigo wenyewe kwa kamba.

Na kama utapenda kuuliza sufuriani badala ya ubaoni, moto umeshawashwa.

Mungu akulinde njiani, akupe mvua isiyozidi kipimo, nawe uwakute wa kwenu wazima wote, bila mtu kuwahesabu.

Tunajua kitabu chako kinataka idadi ya wanafunzi. Hatutajihesabu. Lakini kila mmoja wetu ameweka kipande kimoja cha sabuni juu ya meza iliyo mbele yako. Hesabu vipande hivyo.

Ni sisi,
Akina Mama wa Sabuni, Themi